Tumjue Mdudu Kabla ya Kupiga Dawa



Hapa kwetu Ruanda, nyanya za bustanini zikianza kutoboka, wengi wetu hukimbilia duka la pembejeo kuulizia dawa ya viwavi. Sisi tunaona swali la kwanza liwe: ni kiwavi gani?

Wapo wawili wa kuwatambua. Wa kwanza ni kantangaze, mwenye asili ya Amerika ya Kusini, aliyeripotiwa nchini mwaka 2014. Kiwavi wake ni mdogo, hafikii sentimita 1. Huishi ndani ya jani, akila nyama yake na kuacha ngozi nyembamba kama karatasi, yenye kinyesi cheusi ndani. Hutoboa na matunda pia.

Wa pili ni funza wa vitumba, wa kijani au kahawia, mwenye mistari ubavuni, anayefikia sentimita 4. Huyu hachimbi ndani ya jani. Hutoboa tunda tundu la mviringo, mara nyingi sehemu ya mwili ikibaki nje.

Tofauti hii si ndogo. Dawa inayobaki juu ya jani haimfikii kantangaze aliyejificha ndani, naye amekwisha kuzizoea dawa nyingi. Majani yenye mabaka yake yachumwe mapema na kuteketezwa. Funza mkubwa, katika bustani ndogo, huokotwa kwa mkono.

Kupulizia bila kujua ni israfu, na sumu hiyo huishia kwenye sahani zetu. Basi wanafunzi, tugeuze majani na kutazama kabla wazazi hawajatoa fedha.