Uvimbe wa Taya Usipuuzwe



Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili. Alifuatilia maradhi hayo, na mwaka 1958 akayaandikia. Ni saratani iwapatayo watoto wa kwetu, hasa panapokithiri malaria. Kikulacho ki nguoni mwako: chembechembe zinazoasi ni zile nyeupe za damu, walinzi wa mwili. Huzaana kwa kasi kubwa, na uvimbe hukua kwa siku chache tu. Hata hivyo, ukiwahiwa, dawa huutibu.

Basi tunaowaacha watoto kwa bibi zao, tukipigiwa simu kuwa taya limevimba, tusiseme ni jino. Tuhimize apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.