Nyumba Bila Huduma Haijakamilika

Mji wa Kisovieti wa katikati ya karne ya ishirini aghalabu hutajwa kwa kejeli: safu za majumba ya ghorofa tano, yote ya kijivu, yote ya sura moja. Kejeli hiyo si ya uongo, lakini humzuia mtazamaji asione jambo kubwa zaidi. Maoni yangu ni kwamba wapangaji wa mji ule walipata kipimo kizuri cha makazi, kisha wakashindwa kwa sababu hesabu za serikali zilifuata kipimo kingine.

Tuanze na chanzo. Vita vya 1941 hadi 1945 viliwaacha watu wapatao milioni 25 bila makao, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Hata kabla ya vita, familia nyingi za mijini ziliishi kila moja katika chumba kimoja, zikishirikiana jiko na choo. Mwezi Desemba 1954 Nikita Khrushchev aliwakemea wasanifu majengo kwa kutapanya fedha katika nguzo na mapambo, na tarehe 31 Julai 1957 ikatoka amri kwamba upungufu wa nyumba ukomeshwe katika miaka 10 hadi 12. Tangu hapo nyumba zikawa zao la kiwanda. Kuta nzima za zege zilitengenezwa mbali, zikaletwa kwa malori na kuunganishwa papo hapo. Ghorofa zilikomea tano kwa kuwa jengo refu zaidi lingehitaji lifti, na lifti ni ghali.

Lakini nyumba nyingi si mji. Yafaa tujiulize: zilipangwaje? Jibu lilikuwa mtaa kamili ulioitwa mikrorayoni, na mmojawapo wa mifano yake ya awali ni Kitalu namba 9 cha Novye Cheryomushki, kusini-magharibi mwa Moscow, kilichojengwa kati ya 1956 na 1958 chini ya msanifu Natan Osterman. Mtaa wa namna hiyo ulikusudiwa watu elfu kadhaa, mara nyingi kati ya 6,000 na 12,000. Barabara kuu ziliuzunguka, wala hazikuupasua. Chekechea haikutakiwa kuwa zaidi ya mita 300 kutoka mlangoni, na shule iliwekwa ndani ya mtaa ili mtoto asivuke barabara kuu. Mahitaji ya kila siku yalikuwa karibu na nyumba. Sinema na maktaba zilihudumia mitaa kadhaa pamoja. Tamthilia na hospitali kubwa zilikuwa za mji mzima. Kwa maneno mengine, mji ulipimwa kwa hatua za mtoto. Wazo hilo halikuwa la Wasovieti peke yao, kwani Mmarekani Clarence Perry alikwisha kulieleza mwaka 1929.

Nilipokuwa masomoni Moscow nilipanga chumba katika nyumba ya aina hiyo. Jiko lilimtosha mpishi mmoja, na kuta zilikuwa nyembamba hata nikajua saa ya jirani yangu kuanza kukoroma. Joto lilitoka kwenye mtambo wa umeme kwa mabomba ya maji moto. Nasi, kwa kuwa hatukuwa na njia ya kulipunguza, tulifungua dirisha wakati wa theluji. Hata hivyo, kila asubuhi niliwaona watoto wadogo wakienda shule kwa miguu, peke yao, chini ya miti iliyopandwa na wapangaji wa kwanza. Sijasahau utulivu wao.

Kosa lilikuwa wapi, basi? Mashirika ya ujenzi yalipimwa kwa mita za mraba za makazi yaliyokabidhiwa. Shule, duka na kantini havikuongeza sana sifa ya msimamizi, na mara nyingi fedha zake zilitoka idara nyingine. Matokeo yake, katika miji mipya mingi familia zilihamia nyumba mpya zikakuta matope mahali pa njia, na duka likabaki katika ramani kwa miaka. Umbali wa mita 300 ni kanuni njema, lakini kanuni isiyo na bajeti haimfikishi mtoto chekechea.

Mwaka 2017 serikali ya mji wa Moscow ilitangaza mpango wa kubomoa nyumba za zamani zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za aina hii. Baadhi ya wakazi walipinga. Sidhani walizililia kuta. Walichohofia kupoteza ni miti, uwanja, na shule iliyo karibu.

Jambo hili si geni kwetu. Majumba ya Michenzani, Unguja, yaliyopangwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ni ndugu wa mitaa hiyo. Nasi pia hupima viwanja vipya, tukachora shule na uwanja wa watoto katika ramani, na kuona kazi imekwisha. Napendekeza kwamba mradi wowote wa makazi usihesabiwe kuwa umekamilika, wala mjenzi asilipwe malipo ya mwisho, mpaka shule na zahanati zilizochorwa ziwe zimefunguliwa. Ramani ni ahadi, na ahadi ni deni.