Boti ya alumini isilale majini

Msomaji wetu wa Tanga, mama wa watoto watatu, ameniuliza swali lisilo la kawaida kwenye ukurasa huu. Mumewe amenunua boti ndogo ya alumini iliyokuwa ikitumika Ziwa Victoria. Sasa imefungwa gatini usiku na mchana, kwa maelezo kwamba alumini haishiki kutu. Mama anahofia fedha zao. Mimi nahofia na jambo jingine, nitalifikia.

Baba hajakosea sana. Alumini haitoi kutu nyekundu kama chuma, kwa sababu inajikinga kwa utando mwembamba unaojitengeneza inapokutana na hewa. Ziwani utando huo huweza kutosha kwa miaka mingi. Baharini chumvi huuvunja, vikaanza vishimo vyenye unga mweupe, tena mahali pa kujificha: chini ya zulia la sakafuni, kwenye ribiti, nyuma ya ubao uliolowa.

Kibaya zaidi ni alumini kugusana na shaba au stenlesi kwenye maji ya chumvi. Hapo inakuwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo mwambieni fundi asipake chini rangi yenye shaba, ile ya kuzuia viumbe wa baharini wasigande. Hata nguzo na mbao za kijani zilizotiwa dawa mara nyingi zina shaba, hivyo boti isilazwe juu yake. Vipande vya tairi kuukuu vinafaa. Nasema vipande, maana tairi zima hutunza maji, na maji hayo ndiyo yananiingiza mimi mwandishi wa afya kwenye habari za boti.

Kwanza tumalize la fedha. Boti ndogo kama hiyo watu wanne wanaivuta hadi juu pasipofikiwa na maji. Wakitoka baharini waivute, waisuuze kwa maji yasiyo na chumvi ndani na nje, na mashine nayo ipitishiwe maji hayo. Ikibidi kulala gatini, ifungwe vipande vya zinki chini ili viliwe badala ya boti. Vigusane na bodi yenyewe, visipakwe rangi, na vibadilishwe vikibaki nusu. Kamba nayo ipewe urefu: wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 3, na kamba fupi huiacha boti ikining'inia au kuizamisha pua.

Sasa la watoto. Boti iliyokaa wazi msimu wa mvua ni beseni kubwa. Mbu anayeeneza dengue, homa iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hupenda maji safi yaliyotuama karibu na watu, na huuma mchana, wakati watoto wako nje na chandarua kimekunjwa. Kwenye joto la pwani, siku kama 10 zinatosha yai kuwa mbu. Ifunueni kizibo, kisha ipindueni kifudifudi. Turubai peke yake halisaidii, linabonyea na kutengeneza dimbwi juu.

Kumwaga maji hakutoshi. Mayai hugandana ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri mvua nyingine. Kwa hiyo suguweni kwa brashi angalau mara moja kwa wiki, hasa kwenye kona na chini ya viti. Asugue yeyote aliyepo, si lazima iwe kazi ya mama.

Mtoto akipata homa ya ghafla na maumivu ya kichwa, mpelekeni akapimwe malaria na dengue. Kabla ya majibu msimpe aspirini wala ibuprofen, kwa kuwa mwenye dengue huweza kutokwa damu. Paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, na maji ya kunywa ya kutosha, vinaweza kumshikilia hadi mfike kituoni.