Ng'ombe Hazeeki Maini. Na Moyo Je?

Chukua 220, toa umri wako. Hesabu hiyo ya kilele cha mapigo ya moyo imo kwenye mabango ya jimu na ndani ya saa za mkononi, na wapiga makasia wengi waliovuka miaka 50 huitii kama amri ya daktari.

Richard Morgan wa Ireland, mwoka mikate mstaafu, alianza kupiga makasia kwenye mashine akiwa na miaka 73. Alipofika 92, akiwa bingwa wa dunia mara nne katika rika lake, watafiti walimpima akipiga makasia mita 2,000. Kwa hesabu ile, kilele cha moyo wake ni mapigo 128 kwa dakika. Ulifika 153.

Umri una haki yake. Kilele cha mapigo hushuka mwaka hadi mwaka, hata kwa asiyekosa zoezi. Mwaka 2001 mtafiti Tanaka na wenzake walipendekeza hesabu nyingine: 208, toa asilimia 70 ya umri. Ni bora kwa wazee, lakini nayo ni wastani, na wastani haupigi kasia. Kati ya watu wawili wa miaka 60, ambao saa inawapa kilele cha 160, mmoja anaweza kuwa na 175 na mwenzake 150. Wakiambiwa wafanye kazi kwa mapigo 144, wa kwanza bado ana akiba. Wa pili yuko ukingoni. Saa imemdekeza mmoja na kumchosha mwingine.

Wanaohimiza tahadhari wana hoja. Mapigo yasiyo na mpangilio huonekana zaidi kwa wanamichezo wakongwe wa mbio ndefu, na baadhi ya dawa za presha huzuia mapigo kupanda, hivyo namba ndogo isimpumbaze mtu. Kwa hiyo daktari kwanza, kisha jaribio la kweli la kilele chini ya uangalizi.

Baada ya hapo, ukali ubaki, kwa kipimo. Takriban asilimia 70 ya mazoezi ya Morgan yalikuwa mepesi, 20 magumu yanayovumilika, na 10 tu ya nguvu zote. Kocha anayemnyima mzee hiyo kumi kwa sababu saa imelia anamnyima kile kile atakachodaiwa siku ya mashindano. Na anayemwachia aigeuze hiyo kumi kuwa hamsini atamkosa mazoezini wiki ijayo.