Dagaa wa Kompyuta na Mvuvi wa Kibirizi



Wapendwa wanaparokia, wazazi kadhaa wamenijia wakiwa na wasiwasi. Vijana wao hutumia jioni nzima kuunda viumbe vya mchezo ndani ya kompyuta, kwa lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, wakiviamuru kuogelea, kula, kukimbia na kufa. Je, huku si kujifanya waumbaji? Mimi sioni dhambi hapo. Kuumba, kama tulivyofundishwa katika katekisimu, ni kufanya kitu pasipo kitu. Kijana huyu ameikuta kompyuta, ameikuta lugha ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, na dagaa amewakuta ziwani. Wasiwasi wangu uko kwingine, nami nitaufikia.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mwaka 1987 Mmarekani Craig Reynolds alionyesha kwamba kundi la ndege au samaki laweza kuigizwa kwa kanuni tatu tu: usimgonge jirani yako, elekea waelekeako walio karibu nawe, wala usiachane nao. Hakuna kiongozi, na bado kundi zima hugeuka kwa pamoja. Anayetaka dagaa wa Tanganyika huongeza kanuni ya nne: mchana shuka, usiku panda ukifuate chakula chako. Tena asishuke mno, kwa maana ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini hewa ya kutosha samaki imo katika tabaka la juu tu. Kijana anayeandika hayo amelazimika kumchunguza dagaa kuliko sisi tunaomkuta sahanini. Adamu naye aliletewa wanyama awape majina, na sidhani kama aliwapa bila kuwatazama.

Kisha huja kiumbe wa pili, yaani mvuvi. Kanuni yake kwa kawaida ni fupi: kama kuna samaki, vua. Programu ikiachwa iende, ziwa huisha samaki, na mwandishi husema, "Mnaona walivyo wavuvi!"

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Mvuvi aliyeandikwa hivyo ni tumbo lililoshika wavu. Hajui usiku wa mbalamwezi, ambapo taa hazivuti dagaa na watu hubaki nchi kavu. Hana deni la mafuta ya injini wala ada ya mtoto. Petro, aliyekesha ziwani akarudi mikono mitupu, asingejitambua humo. Na kompyuta haikatai: ukimwandika mwenzako kuwa mlafi, atakuwa mlafi mara elfu moja bila kuchoka, nawe utadhani umethibitisha jambo, kumbe umeisikiliza sauti yako mwenyewe.

Jambo hili halikomei kwenye michezo. Wataalamu wa uvuvi duniani nao huigiza maziwa na bahari kwa kompyuta wanapotafuta njia ya kuokoa samaki. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono ziwa kupumzishwa. Asiyeona kwamba samaki wamepungua hajafika sokoni. Lakini katika programu agizo la kusimama ni mstari mmoja, na kiumbe husimama. Hana njaa mpaka umwandikie njaa. Kibirizi, Katonga na Ujiji, mwalo unapofungwa anasimama pia mama anayenunua dagaa alfajiri na kuwaanika mchangani. Hana mtumbwi wala wavu, na kwa hiyo ni rahisi mno kumsahau anapoandikwa mvuvi.

Basi wazazi, msizime kompyuta hizo. Nanyi vijana, kabla hamjaandika kanuni ya mvuvi, teremkeni mwaloni wakati mitumbwi inarudi. Nawaomba wavuvi na wachuuzi wa dagaa wasiwafukuze wakija na madaftari yao, hata wakiuliza mambo ambayo kila mtoto wa Ujiji anayajua. Swali ambalo mimi ningependa waanze nalo ni hili: usiku ule ulipokuwa na mafuta, na taa, na giza zuri, lakini hukutoka, ni nini kilikuzuia?