Samovari Kinywani mwa Mwingereza

Mwingereza akitaka kumcheka mtu anayejisumbua kupeleka kitu mahali kilikojaa tele, humwambia kuwa anapeleka makaa ya mawe Newcastle. Mrusi humwambia kuwa anakwenda Tula na samovari yake. Newcastle ni bandari ya kaskazini mashariki mwa Uingereza iliyosafirisha makaa ya mawe kwa karne nyingi. Tula ni mji ulio kusini mwa Moscow, uliojipatia jina kwa mafundi wake wa samovari, yaani ule mtungi wa shaba wa kuchemshia maji ya chai. Kejeli ni ile ile na maana ni ile ile. Mwanafunzi wa tafsiri akishaziandika nahau hizi mbili daftarini, Kiingereza kushoto na Kirusi kulia, huona kazi imekwisha. Toleo hili la jarida letu limeandaliwa ili kumwonyesha kuwa hapo ndipo kazi inapoanza.

Hebu tuitumie ile orodha yake. Katika riwaya ya Kiingereza, mchimba makaa wa Yorkshire amekaa kilabuni na wenzake, bia mezani. Anamcheka mmoja wao kwa nahau ya Newcastle. Mfasiri anafungua daftari na kumwandikia mchimba makaa huyo sentensi ya Tula. Sentensi ni Kirusi safi, haina kosa la sarufi hata moja. Lakini msomaji wa Moscow anashtuka: bwana huyu amefika lini Tula, na samovari ameitoa wapi? Kwa nahau moja tu, Yorkshire yote imebomoka. Mfasiri mwenye uzoefu angetafuta kwingine, na Kirusi kingempa anachokitaka, kwa kuwa Warusi husema pia kuwa kuni hazipelekwi msituni. Msitu na kuni viko kila mahali, hivyo msemo huo unamkaa Mwingereza kinywani bila kumvisha kofia ya manyoya.

Mvutano huu una historia ndefu Urusi. Katikati ya karne ya 19, Irinarkh Vvedensky aliwatafsiria Warusi riwaya za Dickens, akashikilia kuwa mfasiri ajiulize mwandishi angesemaje kama angeishi chini ya mbingu ya msomaji wake mpya. Kwa imani hiyo alimfanya Dickens azungumze Kirusi cha kuchangamsha, na mara nyingine akamwongezea maneno ambayo Dickens hakuyaandika kabisa. Karne iliyofuata, Evgeny Lann alikwenda upande wa pili. Alitaka kila umbo la sentensi ya Dickens lihamie Kirusi kama lilivyo, na Ivan Kashkin akamkosoa vikali kwa kutoa Kirusi kizito kisichopumua. Kornei Chukovsky aliliandikia suala hili maisha yake yote. Alianza na kijitabu cha mwaka 1919, kilichoandaliwa kwa ajili ya wafasiri wa shirika la Fasihi ya Dunia lililoasisiwa na Maxim Gorky, akaendelea kukipanua hadi kikawa kitabu kizima kuhusu sanaa ya tafsiri. Mwaka 1972 Nora Gal naye alitoa kitabu chake juu ya neno lililo hai na neno lililokufa, na hadi leo wahariri wa Kirusi hukirejelea.

Wafasiri wana kamusi pia. Kamusi ya nahau za Kiingereza kwa Kirusi ya Aleksandr Kunin, katika chapa yake ya nne ya mwaka 1984, ina nahau zipatazo 20,000. Ni hazina. Hata hivyo, kamusi hujibu swali moja tu: nahau hii ina maana gani, na ipi inakaribiana nayo? Yapo maswali mawili ambayo haiwezi kuyajibu, na hayo ndiyo hoja ya toleo hili. La kwanza ni nani anayesema, na anamwambia nani. La pili ni kama picha iliyo ndani ya nahau imelala au mwandishi ameiamsha.

Tuanze na swali la kwanza, na tuchukue kifo. Mwingereza ana nahau ya kupiga ndoo teke, akimaanisha kufa. Kirusi kina misemo ya namna hiyo tele: mtu anaweza kutupa kwato, au kucheza ndani ya sanduku. Kina pia kitenzi cha heshima, skonchat'sya, kinachofaa tangazo la msiba gazetini. Askari akimwambia mwenzake kuwa sajenti wao mkali amepiga ndoo teke, zile kwato zinamfaa. Daktari akimpa mjane habari hizo hizo kwa kwato, amemtukana. Sisi tunalijua jambo hili vizuri. Marehemu yule yule, kijiweni wanasema amekata kamba, nyumbani wanasema amefariki, na anayetoa mawaidha makaburini anasema ametangulia mbele ya haki. Hakuna Mswahili mwenye akili timamu atakayezibadilisha kauli hizo mahali pake kwa sababu tu maana yake ni moja. Mfasiri wa Kirusi naye amefungwa na adabu ile ile.

Swali la pili ni gumu zaidi. Nahau nyingi hutumiwa bila mtu kuiona picha iliyomo. Mwingereza akisema mvua inanyesha paka na mbwa, haoni paka wala mbwa; anaona maji tu. Hapo mfasiri ana haki ya kuandika kama Warusi wasemavyo, kwamba inamwagika kama kutoka kwenye ndoo, kisha akaendelea na ukurasa. Lakini yupo mwandishi anayeichukua nahau iliyolala, akaiamsha na kuipa miguu. Bingwa wa mchezo huo ni Lewis Carroll.

Katika kitabu chake cha mwaka 1865 kuhusu Alice, Carroll alichukua misemo ya mitaani akaigeuza wahusika. Waingereza walikuwa na msemo wa kukenua kama paka wa Cheshire. Carroll akamleta paka huyo juu ya tawi la mti, akikenua. Walisema mtu ana wazimu kama mtengeneza kofia, au kama sungura wa mwezi Machi. Akawaweka wote wawili mezani wakinywa chai. Mrusi hakuwa na hata mmoja wa misemo hiyo. Kumwandikia mtengeneza kofia tu ni kumpa msomaji fundi wa kawaida, asijue kwa nini fundi huyo hazimtoshi.

Tazama wafasiri watatu walivyohangaika. Vladimir Nabokov, akiwa kijana uhamishoni Berlin mwaka 1923, alimhamishia Alice nyumbani kabisa na kumwita Anya. Paka wa Cheshire akamfanya paka wa Maslenitsa, ile sikukuu ya chapati kabla ya Kwaresima, kwa sababu Warusi wana methali isemayo kuwa si kila siku ni Maslenitsa kwa paka. Msemo wa Kiingereza ulizaa paka, na msemo wa Kirusi ukamzaa paka mwingine. Boris Zakhoder, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alimwita mtengeneza kofia Shlyapa, yaani Kofia, neno ambalo Warusi hulitumia pia kwa mtu mzembe asiyejiweza. Nina Demurova alichagua Bolvanshchik, kutokana na bolvan, lile gogo lenye umbo la kichwa ambalo mafundi hulitumia kukunjia kofia. Na bolvan kwa Mrusi ni mpumbavu pia. Ufundi na wazimu vimekaa ndani ya neno moja. Paka, Demurova alimwacha awe wa Cheshire, na leo kukenua kwa paka wa Cheshire ni usemi wa kawaida wa Kirusi.

Wote watatu wanastahili heshima, lakini tukiulizwa, sisi tunampa Demurova ushindi. Nabokov alikihamisha kitabu chote: hata panya wa Kifaransa akawa amebaki baada ya jeshi la Napoleon kurudi nyuma kutoka Urusi. Ni burudani, ila Uingereza imetoweka. Demurova aliiacha Uingereza mahali pake, akatumia Kirusi pale tu ambapo picha ilikuwa imeamshwa na bila Kirusi ingekufa. Msomaji wa Kiswahili anayetaka kupima ugumu huo kwa lugha yake anazo tafsiri mbili za kitabu hicho: ya mwaka 1940, ambamo mhusika mkuu anaitwa Elisi, na ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, ambamo anaitwa Alisi. Azisome sambamba na Kiingereza, atajifunza mengi kuliko semina.

Kuna kundi jingine ambalo wafasiri wengi hawalihesabu kuwa nahau, na ndilo linalowaangusha zaidi. Ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyobadilika maana kwa kuongezewa neno dogo. "Give" ni kutoa, lakini "give up" ni kusalimu amri, "give out" ni kugawa, na "give away" inaweza kuwa kufichua siri. Kirusi hapa kina bahati, maana hufanya kazi hiyo kwa viambishi awali. Kutoka dat', kutoa, tunapata sdat'sya, kusalimu amri, razdat', kugawa, vydat', kufichua. Kiswahili hufanya kazi kama hiyo mwishoni mwa kitenzi: umeme umekatika, mgeni amekatiza mazungumzo, matokeo yamewakatisha tamaa. Mwingereza huongeza neno pembeni, Mrusi huongeza mbele, sisi tunaongeza nyuma.

Ulinganifu huo ndio mtego wenyewe. Mwanafunzi akishaona "give" na dat' vinakwenda pamoja, hudhani kila neno dogo lina kiambishi chake. Akifika kwenye "break", anapata kitenzi chenye mzizi wa kuvunja kwa mwizi aliyevunja mlango akaingia, na kwa mashine iliyoharibika. Lakini wapenzi walioachana hawavunjiki, wanatumia kitenzi chenye mzizi mwingine kabisa, na vita vinapozuka, Kirusi husema vimewaka. Kisha lipo lile "up" la kula kitu chote au kunywa hadi tone la mwisho. Halihusiani na juu hata kidogo, linaonyesha tu kuwa tendo limekamilika, na Mrusi hulionyesha kwa kiambishi cha ukamilifu.

Uzito wa kiambishi kimoja ulionekana hadharani tarehe 6 Machi 2009 mjini Geneva. Hillary Clinton, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alimkabidhi mwenzake wa Urusi, Sergey Lavrov, kitufe chekundu cha mfano, ishara ya kuanza upya uhusiano wa nchi zao. Juu yake waliandika peregruzka. Lavrov akamwambia hapo hapo kuwa wamekosea. Gruz ni mzigo. Kupakia upya, kama mtu anavyowasha upya kompyuta, ni perezagruzka. Wakidondosha silabi moja tu, za, maana inakuwa kuzidisha mzigo. Serikali nzima iliyo na wakalimani wake ilimpa mgeni kitufe cha kumbebesha mzigo kupita kiasi, tena kimeandikwa kwa herufi za Kilatini badala ya za Kirusi. Wawili hao walicheka mbele ya kamera. Katika mkataba wa silaha kosa la namna hiyo lisingechekesha.

Je, tafsiri sisisi, yaani ya neno kwa neno, ni haramu daima? Hapana. Warusi leo wanazungumza juu ya mifupa ya mtu kabatini, juu ya ncha ya siwa barafu, juu ya kuvuja kwa ubongo wanaposikitikia wasomi wanaohama, na juu ya vita baridi, kama sisi tunavyosema. Yote yalitafsiriwa neno kwa neno na yamekaa. Mwaka 1803 Admirali Aleksandr Shishkov alitoa kitabu kuwapinga waandishi waliokuwa wakiunda Kirusi kwa kufuata Kifaransa. Neno trogatel'ny, lenye kugusa moyo, ni la namna hiyo, na leo hakuna Mrusi anayelishuku. Lakini pembeni ya hayo yapo mazao ya haraka: mtangazaji anayesema "mwishoni mwa siku" kwa Kirusi, ilhali Kirusi kina usemi wake wa tangu zamani wenye maana ya hatimaye. Msomaji wetu asicheke sana. Fungua redio yoyote Dar es Salaam au Nairobi, uhesabu mara ngapi utaambiwa "mwisho wa siku" na mtu anayezungumzia mambo ya mwaka mzima.

Kipimo chetu ni hiki. Usemi wa kigeni ukileta wazo ambalo lugha haikuwa nalo, ukaribishwe, na muda utauzoesha. Ukija kusukuma nje usemi ulio hai unaosema jambo lile lile, mhariri ana kalamu nyekundu na aitumie.

Kwa nini jarida la Kiswahili lishughulikie Kiingereza na Kirusi? Kwa sababu wasomaji wetu wamo ndani ya lugha hizo. Tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipoanzishwa Moscow mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, vijana wa Afrika Mashariki wamesoma huko udaktari, uhandisi na kilimo kwa Kirusi, wengi wakiwa wametoka na Kiingereza cha shuleni. Redio Moscow ilitangaza kwa Kiswahili, na shirika la Progress likachapisha vitabu kwa Kiswahili. Wapo kati yetu watu waliozibeba lugha hizi tatu kichwani kwa miaka mingi, na ujuzi wao haujaandikwa.

Kwao tuna ombi. Tuleteeni nahau, lakini msituletee safu mbili za daftari. Kila nahau ije na sentensi yake kamili, na mtuambie nani aliisema, kwa nani, wakati gani, na ninyi mliifasiri vipi. Tutazichapisha katika matoleo yajayo, na zikitosha tutazikusanya ziwe kamusi.