Monk akiwa peke yake

Wengi husifu bendi za Thelonious Monk, mpiga piano wa jazz, nami nazipenda, lakini anayetaka kumjua aanze na albamu "Thelonious Alone in San Francisco" ya mwaka 1959. Hakuna besi wala ngoma. Ni yeye na piano tu, ndani ya ukumbi wa Fugazi Hall. Nyimbo sita ni utunzi wake, nne ni za wengine, ukiwemo "Remember" wa Irving Berlin. Na anavyoupiga huo! Anausitisha katikati, anauacha upumue, kisha anagonga noti mbili jirani kwa pamoja mpaka zinakwaruzana, na wimbo wa mapenzi unapata uchungu wake. Ukiusikiliza kando ya "Pannonica", alioutunga mwenyewe, utadhani ni mtunzi mmoja.